Wagonjwa wa saratani vijana nao wasikilizwe

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Nampelekaga mama mdogo kwenye mionzi hapa Dar na pale benchi la kusubiri unaona mengi, wazee wengi wametulia, bibi mmoja na tasbihi yake ananiambia mwanangu mi nimeshazika mume na wadogo zangu, hii nayo ni mipango ya Mungu, ila dada wa miaka thelathini hivi pembeni yake, kilemba kimeficha kichwa kilichonyonyoka nywele kwa kemo, yaani zile dawa kali za saratani, kila saa anaangalia simu, watoto wanakula nini, kazini watamvumilia mpaka lini, na atazaa tena kweli? Hilo la mwisho anaogopa hata kumuuliza daktari. Tafiti nyingi nazo zinaonyesha vijana ndo wanaoelemewa na msongo kuliko wazee. Lakini jamani mzee akinyamaza tusidhani yuko poa, wengine wanaficha maumivu wasiwasumbue watoto wao. Naomba wizara ya afya iweke washauri nasaha wa kutosha kila hospitali inayotibu saratani, na kwa kuwa baadhi ya dawa za kemo zinaharibu uzazi, wadada waambiwe kabla hawajaanza dozi, sio baadae.

Msomaji wenu,
Temeke, Dar es Salaam