Barua ya Wazi kwa Mtendaji Mkuu wa Chama cha CPA cha Ohio: Nani Atathibitisha Miaka Miwili ya Uzoefu?

Kwa Mtendaji Mkuu,
Chama cha Wahasibu wa Umma Walioidhinishwa (CPA) cha Jimbo la Ohio,
Marekani.

Mheshimiwa,

YAH: WAOMBA LESENI WASIO NA MTU WA KUTHIBITISHA UZOEFU WAO

Tarehe 8 Januari 2025 Gavana Mike DeWine alitia saini Muswada namba 238, na Ohio ikawa jimbo la kwanza nchini kufungua njia mpya ya kupata leseni ya CPA: mwenye shahada ya kwanza ya uhasibu, akishafaulu mtihani na kufanya kazi miaka miwili, anaweza kuomba leseni bila kulazimika kukusanya saa 150 za masomo ya chuo, kipimo ambacho kwa kawaida huhitaji mwaka wa tano. Njia hiyo imeanza kutumika tarehe 1 Januari 2026. Chama chako kilikuwa mstari wa mbele katika kuutetea muswada huo, na kwa hilo kinastahili shukrani za kila mhasibu kijana ambaye gharama ya mwaka wa tano wa masomo ingemkatisha tamaa. Nakuandikia kama mwanachama mwenye leseni, si kulalamikia sheria hiyo, bali kuomba kazi iliyoanza bungeni ikamilishwe mahali ambapo bunge haliwezi kufika.

Barua hii nimeiandika kwa Kiswahili kwa makusudi, kwa kuwa wengi wa ninaowasemea ni wahasibu waliotoka Afrika Mashariki na Kongo ambao wanaishi katika jimbo hili na majimbo ya jirani, na wana haki ya kusoma kwa lugha yao yale yanayoombwa kwa niaba yao. Ofisi yako itapata nakala ya Kiingereza.

Kwa ajili yao, naomba univumilie nieleze kwanza jambo ambalo wewe unalifahamu fika. Mtu aliyezoea utaratibu wa Kenya au Tanzania, ambako ICPAK na NBAA ni vyombo vilivyoundwa kwa sheria na ndivyo vinavyosajili wahasibu, hufika hapa akidhani kwamba chama cha jimbo ndicho kinachotoa leseni. Sivyo. Leseni hutolewa na bodi ya uhasibu, ambayo ni chombo cha serikali ya jimbo, na bodi za namna hiyo ziko 55 ukihesabu majimbo yote 50, Wilaya ya Columbia na maeneo kama Puerto Rico na Guam. Chama ni cha hiari: unajiunga ukitaka, unalipa ada, unapata semina za elimu endelevu, mtu wa kumpigia simu sheria ya kodi inapobadilika, na sauti mbele ya wabunge. Bodi hutazama kama umetimiza masharti. Haina wajibu wa kukusaidia kuyatimiza. Kwa hiyo pale ambapo sharti la sheria halitimiziki kwa juhudi ya mtu binafsi peke yake, hakuna mlango mwingine wa kubisha isipokuwa wa Chama.

Sharti hilo ni la uzoefu. Sheria ya mfano ambayo AICPA, chama cha CPA cha kitaifa, na NASBA, umoja wa bodi za uhasibu, huiandaa kwa ajili ya majimbo yote inasema kwamba uzoefu wa mwombaji ni lazima uthibitishwe na mwenye leseni, yaani CPA. Kwa kijana aliyeajiriwa na kampuni kubwa ya ukaguzi sharti hili halina uzito wowote, kwa sababu amezungukwa na CPA kuanzia meza ya jirani hadi ofisi ya mshirika mkuu, na siku ya kujaza fomu ikifika atasaini yeyote aliye karibu. Lakini mhasibu pekee wa shirika dogo la hisani, anayefunga hesabu kila mwezi na kuandaa kila kitu kabla ya mkaguzi wa nje kufika, hana CPA juu yake. Karani wa mishahara aliyepanda hadi kuwa msimamizi wa hesabu katika kampuni ya familia naye hana. Mwingine anafanya kazi katika ofisi ya kodi inayoongozwa na wakala aliyeandikishwa na IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, mtu mwenye ujuzi mkubwa na ruhusa ya kumwakilisha mlipakodi mbele ya mamlaka hiyo nchini kote, ila saini yake haihesabiki kwa sababu leseni yake si ya CPA. Watu hawa wanaweza kufanya kazi ya kweli kwa miaka mitano na mbele ya bodi wakawa hawana hata siku moja ya uzoefu.

Zamani, sharti lilipokuwa mwaka mmoja, tatizo hili lilikuwepo, lakini lilifichwa na tatizo kubwa zaidi la saa 150. Sasa tumelegeza upande wa chuo na kukaza upande wa kazi. Sidhani kwamba hilo ni kosa. Kazi hufundisha mambo mengi ambayo darasa haliwezi. Ila tukubaliane kwamba tumehamisha mamlaka ya kuamua nani ataingia, kutoka kwa vyuo kwenda kwa waajiri, na mwajiri hachagui mfanyakazi kwa kuangalia mahitaji ya taaluma.

Historia ya taaluma yetu nchini humu inatuonya kuhusu jambo hili hasa. New York ilitunga sheria ya kwanza ya CPA mwaka 1896, majimbo mengine yakafuata, na haikuchukua muda mrefu ikadhihirika kwamba mtihani haukuwa kizingiti kigumu zaidi. John W. Cromwell Mdogo, mhitimu wa Dartmouth kutoka Washington, alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata CPA, mwaka 1921, na hakuipata nyumbani kwake. Ilimbidi aende hadi New Hampshire, kwa sababu sheria ya huko haikudai uzoefu, na uzoefu ndio kitu ambacho kampuni za Wazungu hazikuwa tayari kumpa mtu Mweusi. Akili alikuwa nayo, elimu alikuwa nayo. Kilichokosekana ni mtu wa kumpa nafasi ya kazi na kuishuhudia.

Mfano wa pili ni wa Chicago, na ndio ninaopenda uutafakari zaidi. Mary T. Washington alifanya kazi benki chini ya Arthur J. Wilson, mmoja wa CPA Weusi wa mwanzo kabisa, na mwaka 1943 akawa mwanamke Mweusi wa kwanza nchini kupata leseni hiyo. Ofisi aliyoianzisha ikawa mahali ambapo vijana Weusi kutoka majimbo mbalimbali walikwenda kutafuta uzoefu waliokuwa wamenyimwa kwao. Mtu mmoja alimfungulia, naye akawafungulia wengine. Ni jambo la kumsifu, bila shaka, lakini pia ni jambo la kuona haya kwamba taaluma nzima, pamoja na vyama vyake vya majimbo vyenye ofisi, majarida na mikutano ya mwaka, iliiacha kazi hiyo mikononi mwa ofisi moja upande wa kusini wa Chicago. Matokeo yake yanajulikana: NABA, chama cha wahasibu Weusi, kilipoanzishwa mwaka 1969, CPA Weusi walikuwa 136 kati ya takriban 100,000 nchini kote.

Sisemi kwamba leo tuko kulekule. Anayekwama siku hizi hukwama mara nyingi bila mtu yeyote kumkusudia ubaya. Hata hivyo, njia ya kukwama haijabadilika: sheria inadai shahidi mwenye leseni, mashahidi wamejazana ndani ya kampuni chache, na aliye nje ya kampuni hizo anaambiwa atafute mwenyewe.

Ombi langu basi ni kwamba Chama kiandae orodha ya CPA walio tayari kusimamia na kuthibitisha kazi za waombaji ambao waajiri wao hawana mwenye leseni. Wanachama unao. Wako waliostaafu kazi ya kila siku lakini bado wanalipia leseni zao na kuhudhuria semina. Wako wenye ofisi za mtu mmoja au wawili ambao msimu wa kodi ukiisha mwezi Aprili hupata nafasi. Wako walio serikalini na vyuoni. Wengi wao hawajawahi kuombwa. Kabla ya orodha hiyo kutumika, Chama kikae na Bodi ya Uhasibu ya Ohio na kupata kwa maandishi masharti ambayo msimamizi asiye mwajiri atapaswa kuyatimiza ili uthibitisho wake ukubaliwe: aone kazi gani, mara ngapi, kwa kiwango gani, na aweke kumbukumbu zipi. Kama Bodi itasema kanuni za sasa haziruhusu, hilo nalo litakuwa jibu lenye manufaa, kwa sababu tutajua kwamba hatua inayofuata ni kurekebisha kanuni, na Chama kimeshaonyesha kwamba kinajua njia ya kwenda bungeni.

Najua pingamizi litakalotolewa, na ni pingamizi zito. CPA anayesaini uzoefu wa mtu asiyeajiriwa naye anaweka jina lake na leseni yake rehani, na ni rahisi sana utaratibu kama huu kugeuka soko la saini, ambapo mwombaji analipa na mthibitishaji anatia wino bila kufungua hata daftari moja. Liko pia suala la siri za mteja na za mwajiri: mhasibu wa shirika hawezi kuchukua vitabu vya hesabu vya mwajiri wake na kumpelekea mtu wa nje kwa ajili ya manufaa yake binafsi. Mambo haya mawili yanaweza kuua mpango huu yakipuuzwa. Dawa ya la kwanza ni kwamba msimamizi asilipwe na mwombaji hata senti moja, na kwamba uthibitisho ufanyike kila robo mwaka badala ya kusubiri mwisho wa miaka miwili, huku msimamizi akiandika kwa maneno yake kazi alizoziona. Kwa la pili, mwajiri awe mshiriki tangu mwanzo, atoe idhini kwa maandishi, na msimamizi afungwe na mkataba wa kutunza siri. Waajiri wadogo hawatakataa wote; shirika ambalo hesabu zake hutazamwa na mhasibu mwenye leseni mara nne kwa mwaka bila kumlipa lina cha kufaidika.

Uthibitisho wa kila robo mwaka una faida nyingine ambayo anayefanya kazi katika kampuni kubwa haoni haraka. Wafanyakazi ninaowazungumzia huhamahama: shirika linaishiwa ruzuku, ofisi ndogo ya kodi inauzwa mwenye nayo anapostaafu, kampuni ya familia inafungwa. Aliyekuwa tayari kuthibitisha miezi kumi na minane ya kazi anafariki au anahamia Florida, na miezi hiyo inapotea kama haikuandikwa popote.

Liko jambo jingine, dogo kidogo, linalohusu waliosoma nje ya nchi. Wao shahada zao hutathminiwa kwanza, kisha wanakalia mtihani wa sehemu nne, tatu za lazima na moja ya kuchagua kwa utaratibu ulioanza Januari 2024. Vyama vya majimbo vimezoea kuwafuata wanafunzi vyuoni kwa matangazo, ada nafuu za uanachama na misaada ya masomo, na ni vyema. Lakini mhasibu wa miaka thelathini na minane aliyefanya ukaguzi wa hesabu Mombasa au Mwanza kwa muongo mzima na sasa anaingiza ankara kwenye kompyuta katika ghala hayuko chuoni, na hakuna tangazo linalomfikia. Huyu hahitaji kushawishiwa aipende taaluma. Anahitaji CPA mmoja wa kuzungumza naye. Inashangaza kidogo kwamba viongozi wetu wanalalamika katika kila kongamano kuhusu upungufu wa wahasibu, na kweli wanaohitimu shahada ya kwanza ya uhasibu nchini walipungua kwa asilimia 7.8 kati ya mwaka wa masomo 2020–21 na 2021–22, ilhali watu waliokwisha kuwa wahasibu wamekaa mlangoni.

Ohio ina sababu ya pekee ya kuanza. Virginia, Utah, Texas na majimbo mengine yamepitisha sheria za namna yetu, na sote tutakutana na swali hilohilo la nani athibitishe miaka miwili. Jimbo litakaloandaa utaratibu mzuri wa kwanza litaigwa na wengine, kama muswada wetu ulivyoigwa.

Naomba suala hili liingizwe katika ajenda ya kikao kijacho cha baraza la uongozi, mazungumzo na Bodi yaanze kabla ya waombaji wa kwanza kuchelewa kwa kukosa saini, na wanachama tuelezwe Bodi imejibu nini. Orodha ya wasimamizi itakapofunguliwa, niandike. Naweza kupokea waombaji wawili kwa mwaka, ikiwezekana kutoka mashirika ya hisani, kwa kuwa hesabu za mashirika hayo ndizo ninazozijua vizuri.

Wako katika taaluma,

CPA, mwanachama
Columbus, Ohio