Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mafundi Wanachama: Karakana, Madaraja ya Magitaa na Ada

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu nawajibika kuleta mbele yenu taarifa ya shughuli za chama kwa mwaka ulioisha. Mambo ya kawaida mnayajua, nitayapita haraka. Karakana ilifunguliwa kila Jumamosi isipokuwa sikukuu. Mafunzo ya kusawazisha freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo), kuchonga mfupa wa shingoni (kipande chenye mifereji ya kupitishia nyuzi) na kulehemu yalifanyika. Ruta, mashine yetu ya kuchimbia mbao, ilibadilishwa beringi. Mbao za mninga na mtiki zilinunuliwa na zimepangwa kwa vitenganishi zikauke. Seti ya tupa iliyodaiwa kupotea imepatikana, na aliyekuwa nayo anajijua. Wanachama waliofiwa walishikwa mkono.

Nije sasa kwenye suala ambalo limejadiliwa zaidi vibarazani kuliko vikaoni, yaani madaraja, vile vipande vinavyoshika nyuzi mwilini, ya yale magitaa 12 ya chama.

Mpango wa awali ulisema yote 12 yafungwe trimolo, yaani daraja linalochezeshwa kwa mkono ili kupandisha na kushusha sauti, tena zile za kufunga, za mtindo wa Floyd Rose. Kamati, kwa pendekezo langu, ikaamua vingine: manane yawekewe daraja lisilocheza, na manne trimolo ya skrubu sita ya mtindo wa Stratocaster. Nimeletewa barua yenye saini 11 ikidai kwamba nimekirudisha chama mwaka 1954. Naichukua kama sifa. Daraja alilolitoa Mmarekani Leo Fender mwaka huo kwenye gitaa lake la Stratocaster linaendelea kutengenezwa mpaka leo, na kila skrubu yake inapatikana.

Ieleweke kwamba hakuna aliyeibeza kazi ya Floyd Rose, mvumbuzi wa trimolo ya kufunga. Alichofanya mwishoni mwa miaka ya 1970 ni kuubana uzi sehemu mbili, shingoni na darajani, usipate pa kuteleza. Ukishabana, mkono wa trimolo unaweza kulaza nyuzi mpaka zilegee kabisa na gitaa likarudi kwenye sauti yake. Lakini hilo hutegemea chuma kilichokomazwa. Bajeti yetu ilikuwa shilingi 120,000 kwa kila daraja, na kwa fedha hiyo unachopata ni nakala ya aloi ya zinki.

Zinki inaumia wapi? Daraja zima linasimama juu ya makali mawili yanayoegemea nguzo mbili. Seti ya nyuzi namba 10 (unene wa uzi wa kwanza, inchi 0.010) kwenye gitaa lenye milimita 648 kutoka mfupa hadi darajani huvuta jumla ya takribani kilo 47, na springi za mgongoni zinavuta kinyume chake. Mzigo wote huo unaishia kwenye makali yale. Yakiwa laini yanabonyea, na yakishabonyea daraja halirudi lilipotoka. Ukilaza mkono linarudi chini kidogo ya sauti, ukiuvuta linarudi juu kidogo, na fundi asiyejua anahangaika na funguo za kichwani wakati tatizo liko kwenye nguzo. Wapo pia wanaopandisha na kushusha nguzo nyuzi zikiwa zimekazwa. Hao wanayasaga makali kwa mikono yao wenyewe. Legeza nyuzi kwanza, ndipo uzungushe nguzo.

Tulinunua nakala mbili za majaribio. Moja ilibonyea makali kabla gitaa halijatoka karakanani. Ya pili, skrubu ya kubana uzi wa tatu ilikwangua hesi zake tulipoikaza kwa spana ya kawaida ya pembe sita, milimita 3. Muuzaji hakukubali kuzipokea. Nakala zote mbili ziko kabatini, anayetaka kuziona aje.

Wenye saini wamesema tungeweza kununua nakala hizo kisha tukaziba nyuma kwa kipande cha mbao zisicheze. Inawezekana. Lakini utakuwa umelipia trimolo, umechimba tundu la springi mgongoni na tundu la kuizamisha mbele, umetoa mninga mwingi ambao ungebaki mwilini mwa gitaa, halafu unaizuia isifanye kazi. Nguzo za mtindo huu zinakaa umbali wa milimita 74 kati yake, na mzigo wote uko kwenye mbao nyembamba iliyobaki mbele ya tundu. Tundu la nguzo likichimbwa karibu mno na ukingo, mbao inapasuka kufuata nyuzinyuzi zake. Na kwa mwili uliokwisha kuchimbwa milimita 74, hakuna kurudi kwenye daraja jingine bila kujaza mbao na kupaka upya.

Kubwa kuliko yote ni matumizi. Magitaa haya hukodishwa na bendi za dansi. Bendi inapiga saa nyingi, mpigaji ana gitaa moja. Kwenye daraja la kuelea, yaani lililoshikiliwa na mvuto wa nyuzi na springi tu, uzi mmoja ukikatika springi zinashinda, daraja linazama nyuma, na nyuzi tano zilizobaki zote zinapanda. Wimbo umeharibika. Kwenye daraja lisilocheza umekosa uzi mmoja tu, unaendelea.

Na wale wanaopiga mi-composé, ule mtindo wa Kikongo wa kufunga nyuzi? Wanaondoa uzi wa nne uliozungushiwa waya, wanaweka uzi mwembamba unaolia oktavu moja juu. Kwa namba 10 mvuto wa uzi ule unashuka kwa takribani kilo 2.5. Daraja la kuelea likihisi hivyo linalala nyuma, nyuzi zinashuka hadi zinagonga freti, na fundi anaitwa akafungue mgongo na kulegeza springi. Kwenye kifungio cha shingoni, mpigaji akitaka kubadili sauti ya uzi zaidi ya kile kidogo kinachotolewa na vikaza vya darajani, lazima atoe spana afungue vibano. Nani kati ya wenye saini atasimama nyuma ya jukwaa na spana?

Kuhusu manne yaliyopewa trimolo ya skrubu sita, hapa ndipo kelele nyingine ilipotokea. Madaraja haya yanakuja kwa vipimo viwili. Umbali kutoka skrubu ya kwanza hadi ya sita ni milimita 56.4 kwa mtindo wa zamani, au milimita 52.5 kwa magitaa mengi ya Asia. Mwanachama mmoja alitoboa mwili kabla daraja halijafika, akaja kulalamika kwamba kamati imemletea daraja lisiloingia. Kamati ilinunua 52.5 kwa sababu shingo tulizonazo ni nyembamba chini. Ukiweka 56.4, uzi wa kwanza unatambaa ukingoni mwa ubao wa freti na kudondoka kila unapokunja uzi. Pima kwanza. Matundu yale yalijazwa vijiti vya mninga kwa gundi, yakatobolewa upya, na gharama ililipwa na chama, jambo ambalo sikusikia likishukuriwa.

Vitalu vya zinki vilivyokuja na trimolo hizo, vile vipande vizito vilivyo chini ya bamba la daraja, tulivibadilisha kwa vya chuma. Katika kufunga, karakana itafuata utaratibu mmoja. Kaza skrubu zote sita mpaka bamba lianze kuinuka nyuma, kisha zilegeze mpaka likae bapa. Nne za katikati zilegeze nusu mzunguko zaidi, mbili za pembeni ndizo ziwe bawaba. Springi tatu kwa namba 9, tatu au nne kwa namba 10. Nyuma ya bamba acha nafasi ya milimita 3 ukiwa tayari kwenye sauti. Mizunguko ya uzi kwenye funguo iwe miwili au mitatu, isizidi. Mifereji ya mfupa ipakwe risasi ya penseli. Magitaa mengi yanayosemwa yana trimolo mbovu yana mfupa unaong'ang'ania uzi wa tatu. Ukisikia mlio mdogo wa kukwaruza unapokaza, usiguse daraja, shika tupa.

Daraja lisilocheza nalo lina adabu zake. Nyuzi zinapita mwilini, hivyo matundu sita yanatobolewa katika mbao ya milimita 44, na keekee ikiyumba kidogo tu pete za mgongoni zinatoka upogo kama meno ya mtoto. Dawa yake ni kutoboa kijitundu cha milimita 3 kutoka mbele ukitumia daraja lenyewe kama kiolezo, kisha kugeuza mwili na kuukalisha juu ya pini iliyosimama chini ya keekee ya mezani, ili tundu la nyuma likutane na la mbele. Kidaraja cha uzi wa kwanza kiwekwe milimita 648 kutoka mfupa kikiwa karibu kabisa na mwisho wake wa mbele, maana vyote vitarudishwa nyuma, cha uzi wa sita takribani milimita 3 hadi 4. Na kabla ya kukaza daraja, toboa njia ya waya wa ethi hadi kwenye tundu la vidhibiti. Watatu walisahau. Kwenye trimolo waya huo unalehemiwa kwenye ndoano ya springi. Chuma kile ni kinene, kinameza joto, na kilehemeo cha wati 25 kitakupa tone lililokaa juu juu bila kushika, ndipo gitaa linakoroma na fundi analaumu pikapu, kile kinasa sauti cha gitaa. Kwangua kwa tupa, tumia wati 60 au zaidi.

Kwa hewa ya chumvi ya Dar es Salaam, skrubu zote za vidaraja tumebadili kuwa za chuma kisichoshika kutu. Skrubu ya kawaida inaganda hapa, na ukilazimisha spana inazunguka bure.

Fedha za madaraja hazikuliwa. Bajeti ilikuwa shilingi 1,440,000. Madaraja manane yasiyocheza 360,000, trimolo nne 280,000, vitalu vya chuma 140,000, nakala mbili za majaribio 240,000. Zilizobaki 420,000 zilinunua funguo za kichwani na skrubu. Mapato yote ya chama yalikuwa 6,870,000, matumizi 6,512,000, salio 358,000. Stakabadhi ziko kwa mweka hazina.

Sasa ada. Wanachama tuko 46, ada ni 60,000 kwa mwaka. Waliomaliza ni 19, waliolipa nusu 9, na 18 hawajatoa hata senti. Tunadai 1,350,000. Katika saini zile 11, saba ni za wadaiwa, na katiba iko wazi kuhusu haki za mdaiwa. Bado barua yao nimeijibu, mnaisikia leo. Vipande vya ruta vinavunjika, msasa unaisha, keekee inakula umeme, na wanaotumia zaidi si wanaolipa.

Mahudhurio ni aibu. Mikutano miwili iliahirishwa kwa kukosa akidi ya watu 23. Uamuzi wa madaraja ulipelekwa kwenye kikao halali, tangazo lilitoka mapema, na waliofika waliupitisha. Kwenye kundi la WhatsApp, saa sita usiku, akidi haijawahi kukosekana.

Kuhusu mpingo, wengi wameuliza juu ya kuuza mbao za ubao wa freti nje ya nchi. Mpingo ni wa jamii ya Dalbergia, na jamii hiyo yote, isipokuwa Dalbergia nigra ya Brazil iliyo kwenye Kiambatisho cha Kwanza, iko kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu Januari 2017. Msamaha wa 2019 unahusu ala na sehemu zake zilizokamilika, hauhusu mbao ghafi. Ukitaka kusafirisha ghafi utahitaji vibali, na hata ndani ya nchi mpingo haupakiwi garini bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Wanaoutumia kwenye magitaa yetu waukate mwembamba, waukaushe polepole, waufute kwa asetoni kabla ya gundi kwa sababu ya mafuta yake, na wavae barakoa.

Mwaka ujao, Mungu akijalia na ada zikiingia, tunatarajia kupata mashine ya kuvuta vumbi, kutazama uwezekano wa kuzungusha koili za pikapu wenyewe, na kuzungumza na bendi juu ya ada ya kukodisha. Suala la trimolo halisi ya kufunga kwa gitaa moja la maonyesho linaweza kufikiriwa, iwapo wenye saini watachangia bei yake.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti