Mhariri, miamba haina haraka ya miaka miwili

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Wiki mbili zilizopita mlitoa habari ya jarida moja la jiolojia lililopanda kwenye chati za dunia, mkaandika impakti fakta yake, ile namba ya kuonyesha makala za jarida zinanukuliwa kiasi gani, kwa wino mzito pale juu na kusema sasa hilo ndo jarida bora kwa wanaosomea miamba na madini. Nimeisoma mara mbili. Sina ugomvi na mwandishi wenu, kaandika vizuri na nilifurahi kuona jiolojia imepewa ukurasa mzima, maana kawaida tunakumbukwa pale tu tetemeko linapopita au mgodi unapobomoka. Ila ile namba ilivyowekwa kama matokeo ya mtihani imenikereketa rohoni, nikaona nikikaa kimya sitakuwa nimeitendea haki kazi iliyonilea.

Kwanza tuelewane namba hii inatoka wapi, maana wengi wanaitaja bila kuijua. Chukulia jarida limechapisha makala 100 mwaka 2022 na 100 nyingine mwaka 2023, alafu mwaka 2024 hizo makala zikanukuliwa na watafiti wengine mara 600 jumla. Unagawanya 600 kwa 200, unapata 3, basi hiyo ndo impakti fakta ya 2024. Hakuna siri nyingine pale, ni wastani wa kutajwa kwa makala za miaka miwili iliyotangulia tu. Wazo la faharasa ya nukuu, yaani orodha ya nani kamnukuu nani, lililetwa na Mmarekani Eugene Garfield kwenye jarida la Science mwaka 1955, na hii hesabu ilikuja kutumika kuchagua majarida ya kuingiza kwenye faharasa yake na kuwasaidia wakutubi kuamua walipie jarida lipi na waache lipi. Yaani ni kifaa cha mkutubi. Hakikutengenezwa kumpima mtafiti wala kusema makala hii ni ya kweli kuliko ile, na saivi ndo kinaamua nani apandishwe cheo, nani apewe hela ya utafiti na nani mkataba wake uishie hapo.

Alafu wastani wenyewe unapotosha. Mtafiti Per Seglen wa Norway alionyesha mwaka 1997 kwamba kwenye majarida aliyoyachunguza asilimia 15 ya makala ndo zilibeba nusu ya nukuu zote, kwahiyo makala nyingi ndani ya jarida linaloitwa kubwa zimebebwa mgongoni na wenzao wachache. Kuna mfano mmoja wa majirani zetu kabisa sisi tunaoshinda na madini. Jarida la fuwele la Acta Crystallographica Section A lilikuwa na impakti fakta ya 2.051 mwaka 2008, mwaka 2009 ikaruka mpaka 49.926. Makala moja tu ndo ilifanya hivyo, ya George Sheldrick, inaelezea historia ya programu zake za SHELX ambazo karibu kila anayetafuta muundo wa fuwele kwa eksirei alikuwa anazitumia, kwahiyo kila aliyezitumia akamnukuu. Sheldrick alistahili kila nukuu aliyopata, hilo sibishani nalo. Ila waandishi wengine wa jarida lile hawakuwa wamebadilika chochote, na makala ile ilipotoka nje ya ile miaka miwili namba ikarudi kwenye 2 na kidogo. Sasa mtu aliyechapisha pale 2009 na aliyechapisha 2006 nani bora?

Lakini kinachoniuma zaidi ni hiyo miaka miwili. Ngoja nieleze kazi yetu inavyokwenda ili msomaji asiyewahi kushika nyundo ya jiolojia aone. Unataka kujua umri wa mwamba mmoja wa graniti. Unaubeba kilo kadhaa mgongoni mpaka kwenye gari, unausaga, unauchekecha, unauosha kwa maji ili punje nzito zibaki, unapitisha sumaku, unamwaga kwenye kimiminika kizito ili kinachozama kizame na kinachoelea kielee. Mwisho unabaki na kijivumbi kidogo chini ya chupa. Hapo unakaa kwenye hadubini na sindano, unaokota zirkoni moja moja, yaani madini yanayobeba urani kidogo ndani yake, punje nyembamba yenye ncha mbili, nyingine za waridi hafifu, nyingine hazina rangi kabisa, na ukubwa wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Unazipanga mistari kwenye gundi, unazimwagia epoksi, ikikauka unasugua polepole mpaka punje zimekatika katikati ndo uone matabaka yake ndani kama ya kitunguu. Ukisugua kidogo kupita kiasi umezimaliza zote na unaanza upya, mimi mwenyewe imenitokea usiku wa manane na nililia. Baada ya hapo ndo unaanza kusubiri zamu ya mashine ya kupima urani na risasi (ile metali), maana urani hugeuka risasi polepole na kiasi chake ndo kinakupa umri, na foleni ya mashine sio ya wiki.

Sasa mtu akisoma makala yangu leo, akaipenda, akaamua aende kupima mwamba wa jirani aone kama umri unafanana, huyo ana msimu mmoja wa kwenda porini, ana maabara, ana kuandika, ana wapitiaji, wale wataalamu wanaoikagua makala kabla haijachapishwa, wa kumrudishia mara mbili tatu. Nukuu yake kwangu itatoka mwaka wa tatu au wa nne, yaani hesabu imeshafungwa! Mtu pekee anayewahi kuninukuu ndani ya ile miaka miwili ni yule aliyekuwa tayari anaandika, au mimi mwenyewe na rafiki zangu. Ndo maana kuna kipimo kingine ambacho magazeti hayakitaji kabisa, cha umri wa nukuu, kinachoangalia nusu ya nukuu ambazo jarida limepata mwaka huu zinaenda kwenye makala za nyuma kiasi gani. Kwa majarida kadhaa makongwe ya jiolojia umri huo unazidi miaka 10. Mimi naona hiyo ni sifa kubwa sana, maana yake kilichoandikwa miaka kumi iliyopita bado mtu anakifungua mezani anafanyia kazi.

Mifano ipo mingi. Mwanajiolojia Robert Dunham alipanga aina za miamba ya chokaa mwaka 1962 kwa kuangalia kama chembe zinagusana au zinaelea kwenye tope, na hadi leo mwanafunzi akikata kipande cha chokaa anatumia majina ya Dunham. Mwaka 1989 Sun na McDonough walitoa kazi kuhusu basalti za baharini kwenye toleo maalumu la Jumuiya ya Jiolojia ya London, na ndani yake kuna jedwali la viwango vya elementi ambalo limenukuliwa maelfu kwa maelfu ya mara, karibu kila anayechora grafu ya kemia ya miamba ya volkano anapitia kwenye jedwali lile. Mwandishi akiniuliza impakti fakta ya kule walikochapisha ilikuwa ngapi nitamwambia hilo swali halisaidii kitu, aende akaangalie jedwali.

Ubaya ni kwamba namba haibaki kuwa namba, inabadilisha jarida lenyewe. Mhariri wa jarida anajua akichapisha makala ya mapitio, ile inayokusanya kazi za watu mia mbili na kuzipanga, itanukuliwa haraka. Anajua akichapisha kitu kinachogusa tabianchi kitasomwa na watu wa fani nyingine, na hao wako wengi. Anajua pia ramani ya kijiolojia ya wilaya moja, yenye vipimo vya mwinamo wa tabaka sehemu mia nne, itatumiwa na wachimba visima na wahandisi wa barabara na watafuta madini kwa miaka hamsini lakini hawa watu hawaandiki makala, kwahiyo hawanukuu. Basi polepole ule ukurasa wa malengo ya jarida unaandikwa upya. Palipokuwa pameandikwa ramani, stratigrafia (mpangilio wa tabaka za miamba), maelezo ya visukuku na madini panakuja maneno kama "yenye mvuto kwa wasomaji wa kimataifa". Nimeyaona haya kwa macho yangu. Kuna jarida nililokuwa nalisoma tangu nikiwa mwanafunzi, nilikuwa nikifungua toleo nakuta ramani inayokunjuliwa mara tatu, saivi sikuti tena. Nikawatumia kazi yangu ya miaka sita juu ya ufa mmoja na miamba inayouzunguka, ikarudi baada ya siku nne, haijapelekwa hata kwa mpitiaji mmoja, sababu imeandikwa kwamba ni ya eneo dogo. Ni kweli ni ya eneo dogo. Ufa wowote uko mahali fulani!

Na tukumbuke wenzetu waliotangulia. Mwanajiolojia J Harlen Bretz alianza mwaka 1923 kuandika juu ya nchi iliyochanwachanwa na makorongo mashariki mwa jimbo la Washington huko Marekani, akasema ni mafuriko makubwa mno yaliyokwangua basalti kwa muda mfupi. Wakubwa wa fani wakampinga hadharani mwaka 1927, wakaona anarudisha hadithi za gharika. Ilibidi ielezwe vizuri habari ya ziwa la barafu la Missoula lililopasuka, watu waende wenyewe, waangalie zile kingo za changarawe zenye mawimbi makubwa kama vilima, ndo wakaanza kumwelewa. Nishani ya Penrose, heshima kubwa ya Jumuiya ya Jiolojia ya Marekani, alipewa mwaka 1979, ana zaidi ya miaka 90. Kaeni muitafakari hiyo, kazi ya eneo dogo kabisa, jimbo moja, ilichukua zaidi ya nusu karne. Na mwanasayansi wa Kanada John Tuzo Wilson (Tuzo ni jina lake), aliyesema visiwa vya Hawaii vimejipanga mstari kwa sababu bamba la dunia, yaani kipande kikubwa cha ganda lake, linapita juu ya sehemu moja ya moto, alikataliwa kwenye majarida makubwa na mwaka 1963 akaishia kuchapisha kwenye jarida la fizikia la kwao Kanada. Leo wazo lile liko kwenye vitabu vya shule.

Sisemi namba itupwe. Mkutubi mwenye bajeti ndogo anaihitaji, na kwa kulinganisha majarida ya fani ile ile inayofanana inaonyesha kitu kidogo. Hata wenyewe Clarivate, kampuni inayoitoa saivi, waliamua kuanzia 2023 waiandike kwa desimali moja badala ya tatu, kwa sababu tofauti ya 2.314 na 2.309 watu walikuwa wanaichukulia kama ukweli wa kisayansi na ni kelele tu. Na tangu 2013 kuna azimio la San Francisco, DORA, ambalo taasisi nyingi duniani zimesaini kwamba hazitatumia impakti fakta ya jarida kumpima mtu mmoja mmoja. Tatizo ni kusaini alafu kwenye kamati ya kupandisha vyeo fomu ni ile ile ina kisanduku cha impakti fakta.

Kwahiyo ombi langu kwa gazeti ni dogo. Siku nyingine mkiandika habari ya jarida la jiolojia, mkiweka impakti fakta wekeni pembeni yake na umri wa nukuu. Mwandishi afungue matoleo matatu ya mwaka huu na matatu ya miaka ishirini iliyopita, ahesabu ramani, ahesabu makala za mapitio, aone jarida limehamia wapi. Hiyo kazi ni ya mchana mmoja na itampa habari nzuri kuliko namba.

Nimechelewa kutuma barua hii kwa sababu kuna binti mmoja ninayemsimamia alikuja juzi na makala yake, akaniuliza kama aitoe ramani ili ifike kurasa zinazotakiwa na jarida lenye namba kubwa. Ramani yenyewe iko hapa mezani wakati naandika, kaichora kwa mkono kwanza, kuna sehemu mstari wa mpaka kati ya shisti na graniti kaufanya wa nukta nukta, na pembeni kaandika kwa penseli kwamba hapo hakuona mwamba, udongo umefunika. Tumekubaliana ramani inabaki, na makala inaenda jarida lingine.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi,
Mwanajiolojia wa porini