Barua kwa mwanangu: ile picha ya Babu usiiweke

Mwanangu,

Huku hatujambo, Bibi anakusalimu sana na anasema umekonda kwenye picha ulizotuma, mi nimemwambia hujakonda ni taa mbovu ya hapo hosteli kwenu, hajakubali.

Zile picha tatu za Babu nimeziona. Nakwambia mapema kabisa, ile ya pili, Babu kalala mdomo wazi na lile blanketi la bluu, hiyo usiiweke sehemu yoyote. Sio kwenye stetasi, sio kwenye ratiba ya ibada ya kumbukumbu. Sijakasirika. Najua umeichagua kwa mapenzi maana huyo ndo Babu unayemjua wewe, yule aliyekuwa anaficha viatu kwenye friji na kukuita jina la dada yake aliyekufa zamani. Umepata akili ugonjwa ushamkalia, ungemjulia wapi yule mwingine. Ila mwenyewe angeiona hiyo picha ingepigwa chini pale pale, na angekuwa na sababu zake, na hizo sababu naziandika maana kwenye simu utaniambia "sawa mama" halafu unaendelea na mambo yako.

Baba yangu alikuwa mhariri wa picha gazetini. Watu wakisikia hivo wanadhani alikuwa mpiga picha. Alipiga mwanzoni, kidogo, na mwenyewe alisema alikuwa mpigaji wa kawaida tu. Kazi yake ilikuwa kuchagua. Alitoka Machame kijana mdogo akaingia Standard kama mtoto wa chumba cha giza, kuchanganya dawa na kufagia, enzi hizo gazeti bado la kampuni ya nje. Februari 1970 Mwalimu akalitaifisha, Rais mwenyewe akawa mhariri mkuu kwa jina, na wa kuliendesha akaletwa Frene Ginwala, yule mama wa ANC aliyekuja kuwa spika wa bunge la Afrika Kusini mwaka 1994. Mwaka 1972 likaunganishwa na The Nationalist likawa Daily News. Babu yako yote hayo yamemkuta mle ndani kwenye taa nyekundu, mikono inanuka siki ya zile dawa, na nguo zake zilinuka hivo hivo, sisi watoto tulijua baba karudi kabla hajabisha hodi.

Sasa elewa ilivyokuwa, kwa sababu nyie mnapiga picha mia za chakula kimoja. Mpiga picha anarudi na mkanda wa fremu thelathini na sita. Unasafishwa, unakaushwa, zinatolewa zote ndogo ndogo kwenye karatasi moja, halafu baba anainama na kile kioo cha kukuzia jichoni na penseli nyekundu ya nta mkononi, anapita fremu kwa fremu. Anazungushia moja. Anachora mistari ya pa kukata, pembeni kuna mguu wa mtu hauhusiki, toa, juu kuna mbingu tupu, toa. Moja inaingia gazetini, thelathini na tano zinalala. Na kumbuka Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994, kwa hiyo mtu wa Songea au Kigoma vita vya Kagera alivijua kwa redio na kwa zile picha chache. Waliorudi kutoka mbele walileta mikanda mingi, daraja la Kyaka lililovunjwa, wanajeshi wetu wakiingia Kampala Aprili 1979, na kuna mtu kakaa Dar kwenye chumba kisicho na dirisha ndo kaamua nchi nzima ione ipi. Hilo lilikuwa linamkosesha usingizi, usidhani alijiona bosi.

Baada ya vita hela za kigeni zikaisha, filamu ikawa dhahabu. Miaka ya themanini mwanzoni alikuwa anakata mkanda vipande vipande gizani kwa kupapasa, mpiga picha anapewa fremu nane aende nazo kwenye mkutano wa saa nne, akirudi na fremu mbili zinazofanana anasemwa mpaka anatamani kulia.

Ila kilichomfanya aogopwe ni kapsheni, yale maelezo ya chini ya picha. Picha bila jina la mtu, mahali na tarehe ilikuwa haiingii, hata iwe nzuri vipi. Nani huyu? "Mkulima." Mkulima hana jina? Rudi ukamuulize. Wamemrudisha mtu mpaka Kibaha kwenda kuuliza jina la mama mmoja aliyebeba mihogo! Na kutoka kushoto kwenda kulia, wote, hata yule aliyeonekana sikio tu. Majina yale alikuwa anayatunza kichwani, ukimwonyesha picha ya kamati ya mkoa ya miaka ya sabini anakutajia watu kumi na moja na anaongeza huyu wa nne alikuwa na mguu mbovu ndo maana kaegemea meza.

Mei 1996, tarehe 21, MV Bukoba ikapinduka karibu na Mwanza, imejaza watu kupita kiasi, wakafa mamia. Filamu zikaja Dar kwa ndege. Nilikuwepo ofisini kwao siku zilipofika, nilikuwa nimempelekea chakula, kwa hiyo hii sio ya kusimuliwa. Meza ilikuwa imejaa. Kulikuwa na za miili, karibu kabisa, sura zinaonekana, na kulikuwa na za meli yenyewe tumbo juu, watu wamesimama juu ya lile chuma, na unajua ndani walikuwemo watu hai wanagonga, wakatoboa ili wawatoe, hewa ikatoka, ikazama nao. Kijana mmoja wa dawati la habari akashika picha ya mwili wa mwanamke, kanga bado imefungwa kiunoni, akasema mzee hii ndo ukurasa wa kwanza, hii inauza. Baba hakupandisha sauti. Akaichukua, akaigeuza ikalala kifudifudi mezani, akamwuliza, "Na mama yake akinunua gazeti?" Ikaenda ile ya meli na watu juu yake. Chakula nilichomletea hakukigusa.

Sikiliza sasa ilipoishia ile ya mwanamke. Hakuichana. Aliandika nyuma yake tarehe, mahali, na maneno "jina halijapatikana", akaitia kwenye bahasha na kuihifadhi. Kijana akamwambia sasa mzee kama haichapishwi unaihifadhi ya nini, akajibiwa kuchapisha ni kitu kingine na kutunza ni kitu kingine. Na miezi baadaye ile bahasha alikuwa bado anaiulizia, jina limepatikana?

Kwa hiyo ugonjwa ulipoanza ulianzia pale pale penye majina, mi naona kama ulimvizia. Alikuwa ashastaafu, anaitwa mara moja moja kufundisha vijana. Siku moja akarudi kimya, kumbe alisimama mbele ya picha ya mazishi ya Mwalimu ya mwaka 1999, picha aliyoichagua yeye mwenyewe, akaanza kutaja kutoka kushoto na kwa mtu wa tatu akakwama, mtu aliyekuwa anakula naye mchana kila siku. Akasema nimechoka. Tukasema kachoka. Baadaye akapotea kwenye daladala, akashushwa na konda Mwenge wakati alikuwa anakwenda Kinondoni, halafu akaanza kulipa duka moja mara mbili, ndo tukampeleka hospitali. Kabla ya hapo tulishashauriwa mengi, mara uzee tu, mara kuna mtu wa kijijini anamchezea kwa ajili ya kihamba, lile shamba la ukoo, mwingine akatuletea na mafuta ya kupaka. Mi nilikuwa nasikiliza na kuitikia, ukibishana na watu wa hivyo unajichosha.

Daktari ndo akalitaja, Alzheimer. Akatuelezea kwamba kuna protini zinarundikana kwenye ubongo na seli zinakufa taratibu, na zinaanza sana sana na ile sehemu inayoshika mambo mapya, ndo maana cha asubuhi hakijui na cha 1970 anacho. Dawa za kupunguza makali zipo, ya kuponya hamna. Nikaenda kusoma mwenyewe. Mgonjwa wa kwanza kuandikwa alikuwa mama mmoja wa Ujerumani, Auguste Deter, kaingizwa hospitali ya Frankfurt mwaka 1901 ana miaka 51 tu, na Dokta Alois Alzheimer akawa anamhoji na kuandika, akafa 1906. Faili lake lilipotea miaka na miaka likaja kuonekana 1995, na ndani kuna picha yake, kakaa na gauni jeupe la hospitali, mikono kaikunja magotini. Nilipoiona nilisema baba angeipenda hii, jina lipo, mahali papo, mwaka upo. Na usidhani ni ugonjwa wa Wazungu, watafiti walishapita nyumba kwa nyumba wilaya ya Hai, huko huko kwetu, wakakuta katika wazee wa miaka 70 na kuendelea kama sita katika kila mia wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, huu ukiwa mmojawapo. Kwa hiyo majirani wa kihamba waliokuwa wanasema karogwa nao walikuwa na wao ndani, wamewafungia chumba cha nyuma.

Ya baadaye mengine uliyaona. Kiingereza kikaenda, Kiswahili kikafuata, ikabaki Kichagga, na wewe Kichagga hukijui ukawa unamjibu "ndiyo Babu" kwa kila kitu hata alipokuwa anakutukana. Siku moja nikamkuta mbele ya kioo cha kabati kainama kidogo, anamwambia yule wa kwenye kioo "shikamoo mzee." Aliona mzee mgeni kaja nyumbani na hajasalimiwa, maana kichwani kwake yeye alikuwa kijana. Nikamjibu mimi "marahaba" kutokea mlangoni, akatulia, akaenda kukaa. Nilicheka halafu nikaenda jikoni nikakaa huko muda mrefu.

Na mkasi! Mama Mkubwa wako hajasahau mpaka leo. Babu alikuwa anateremsha picha zote ukutani, anazigeuza kusoma nyuma, tukadhani anaharibu vitu, tukawa tunazirudisha. Kumbe anakagua. Siku akapata mkasi wa kushonea wa Bibi akaikata picha ya harusi ya Mama Mkubwa, kaondoa upande wote wa kulia na mashemeji wawili wakaenda na maji. Ikawa kesi, vikao, simu mpaka Moshi. Mi niliichukua ile iliyobaki nikaitazama vizuri na mwanangu nakwambia ukweli ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza, yule shemeji mmoja alikuwa kalewa kafumba macho na nyuma yake kuna ndoo. Sikumwambia Mama Mkubwa. Na wewe usimwambie.

Wewe pia ulifanya naye kazi, hukumbuki? Ulikuwa darasa la kwanza au la pili. Alikuwa anakupa picha moja moja anakuuliza kwa Kichagga, mi nakutafsiria, hii ukurasa gani? Wewe kila moja unasema wa kwanza. Akawa anatikisa kichwa kwa huzuni kabisa, mtoto huyu hatufai.

Basi ya kuweka ni ile ya tatu, yenye rangi nyeusi na nyeupe. Mwaka 1986, kasimama mezani, mikono ya shati kaikunja, penseli sikioni, haangalii kamera. Picha zake za kazini ziko chache mno maana hakupenda kupigwa. Nyuma ya hiyo kuna mtu aliandika "Mhariri akiwa kazini", baba akaipiga mstari akaandika upya kwa mkono wake, majina yake yote matatu, chumba cha giza, Dar es Salaam, na mwisho kaongeza "hakujua anapigwa". Iandike hivyo hivyo, usirembe, usiongeze yale maua na njiwa mnayowekaga.

Ile ya blanketi usiifute lakini. Uliipiga wewe, ulikaa naye mchana ule sisi tuko msibani, hakuna mwingine mwenye picha ya siku ile. Itoe kwenye karatasi, andika nyuma tarehe na jina lake na kwamba ni wewe uliyepiga, niletee niiweke kwenye bahasha.

Na ukija likizo kuna kazi. Yale maboksi ya mikanda yake ya zamani yaliyoko juu ya kabati yameanza kutoa harufu ya siki, na sasa hivi sio ya dawa, ni mkanda wenyewe unaoza kwa joto na unyevu wa Dar, ukishaanza haurudi, na mmoja unaambukiza mwingine. Nimeshatenga iliyonuka sana. Kuna fundi Kariakoo ana skana ya mikanda ila anataka hela nyingi kwa fremu, ulizia hapo chuoni kwenu kama wanayo ya kuazima. Bahasha zote zina majina, usizichanganye. Na kuna kumi na kitu hivi zimeandikwa "jina halijapatikana", hizo tutakaa nazo na Bibi taratibu, yeye watu wa zamani bado anawajua.

Hela ya nauli nimetuma kwenye namba ya rafiki yako, yako ilikuwa haipatikani. Usile yote.

Mama