Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama, Msimu wa 2024/25

Ndugu Makamu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, Ndugu Mtunza Hazina, ndugu wanachama mliohudhuria na wale wachache waliotuma udhuru:

Kwa heshima na taadhima nawasilisha kwenu taarifa ya chama chetu cha mashabiki wa Montreal Canadiens, timu ya hoki ya barafuni ya ligi kuu ya NHL, tunaozungumza Kiswahili hapa Montreal na vitongoji vyake, kwa kipindi cha kuanzia Septemba 2024 hadi Agosti 2025. Kabla sijaendelea, naomba tusimame kwa dakika moja kumkumbuka Ken Dryden, kipa wa zamani wa timu yetu, aliyefariki dunia tarehe 5 mwezi huu akiwa na umri wa miaka 78. Wengi wetu hatukujaaliwa kumwona akiwa langoni, lakini jina lake litarudi katika taarifa hii kwa sababu yenye uzito.

Shughuli za kawaida za mwaka mnazifahamu, nami sitawachosha nazo. Tulitazama mechi pamoja kila ukumbi ulipopatikana, tuliwapeleka watoto Laval kuwaona chipukizi wakiichezea Rocket, timu ya kuwakuza vijana wa Canadiens, katika msimu ambao timu hiyo iliongoza ligi nzima ya AHL, iliyo chini ya NHL, tulifuturu pamoja mwezi Machi, na usiku wa tarehe 16 Aprili, Canadiens walipoifunga Carolina mabao 4 kwa 2 na kuingia hatua ya mtoano wakiwa na pointi 91, ilibidi tuazime viti kwa majirani. Washington walitutoa katika mechi ya tano, na hilo halihitaji maelezo yangu.

Nageukia kazi kuu ya chama, ambayo ndiyo iliyotukutanisha tangu mwanzo, nayo ni kupanga kila kiangazi orodha ya chipukizi 20 bora wa timu kwa kura za wanachama. Wapo wanaoiona kazi hii kuwa mchezo wa kupitisha muda wakati barafu imeyeyuka. Mimi siioni hivyo hata kidogo. Katika ligi yenye kikomo cha mishahara, timu hujengwa na vijana walio katika mikataba yao ya kwanza, na shabiki asiyewajua vijana hao hawezi kuelewa kwa nini uongozi umemuuza huyu na kumbakiza yule. Ndiyo maana maneno yaliyosemwa kuhusu orodha ya mwaka huu, mengine ufukweni kwenye nyama choma na mengine katika simu ambazo nilihadithiwa baadaye, yanastahili jibu kamili mbele ya mkutano.

Mwezi Juni kamati ilikaa kuamua kama mshambuliaji kijana Ivan Demidov abaki kwenye karatasi ya kura au aondolewe. Kura za wajumbe zililingana tatu kwa tatu, nami nikatumia kura ya uamuzi ambayo katiba inampa Mwenyekiti, nikaamua abaki. Tangu siku hiyo nimeitwa mbabe, na wanachama kadhaa wamesusa kupiga kura kabisa.

Hoja ya waliopinga nitaieleza kwa haki. Wanasema kwamba Demidov aliwasili kutoka Saint Petersburg mwezi Aprili, na usiku wake wa kwanza, tarehe 14 dhidi ya Chicago, alifunga bao na kutoa pasi ya bao kabla kipindi cha kwanza hakijaisha. Kwamba alicheza mechi 2 za msimu wa kawaida na zote 5 za mtoano. Kwamba hakuna tena anayejiuliza kama ataweza ligi hii. Na kwamba kumweka kwenye orodha ni kumpa nafasi ya kwanza mtu aliyekwisha kupita, huku kijana anayeanza akinyimwa nafasi hiyo. Hoja hii si ya kipuuzi, na nilimwambia hivyo mjumbe aliyeitoa.

Lakini orodha haiwezi kuendeshwa kwa hisia. Tangu mwaka 2022 tunatumia kipimo kilekile ambacho ligi ya NHL hukitumia kuamua nani anastahili kushindania tuzo ya Calder ya mchezaji bora wa msimu wa kwanza. Kipimo hicho kinasema kwamba mchezaji hahesabiwi tena kuwa mgeni iwapo amecheza zaidi ya mechi 25 katika msimu wowote uliotangulia, au mechi 6 na zaidi katika kila mmoja wa misimu miwili iliyotangulia, na kwamba mechi za mtoano hazimo katika hesabu. Kwa kipimo hicho Juraj Slafkovsky, aliyechaguliwa wa kwanza katika drafti ya mwaka 2022, yaani zoezi la timu za NHL kuchagua vijana kwa zamu, alitoka kwenye orodha yetu baada ya mwaka mmoja tu kwa sababu alikuwa amekwisha kucheza mechi 39, ingawa alikuwa bado kijana wa miaka 19, na hakuna aliyelalamika. Kwa kipimo hichohicho beki Lane Hutson alibaki kwenye orodha ya kiangazi cha 2024 akiwa amecheza mechi 2 za msimu wa kawaida, idadi ileile ya Demidov, na hapo pia hakuna aliyelalamika. Nimewauliza wapinzani mara nyingi ni kipi kilichobadilika kati ya kiangazi kile na hiki, na jibu pekee nililolipata ni kwamba Demidov ni mzuri mno. Uzuri wa mchezaji hauwezi kuwa sababu ya kumtoa kwenye orodha ya wachezaji wazuri.

Kuhusu zile mechi 5 za mtoano, ndipo ninapomrudia marehemu Dryden. Mwaka 1971 alicheza mechi 6 tu za msimu wa kawaida, kisha akakabidhiwa lango katika mtoano, akacheza mechi 20, akatwaa Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, pamoja na tuzo ya Conn Smythe ya mchezaji bora wa mtoano. Msimu uliofuata bado alihesabiwa mgeni, na mwaka 1972 akapewa tuzo ya Calder. Ikiwa mtu aliyeiletea klabu hii kombe alikubalika kuwa mgeni, sioni ni kwa msingi gani kamati yangu ingemkatalia kijana aliyecheza mtoano wa raundi moja na kutolewa. Kumbukeni pia kwamba baada ya Dryden hakuna mchezaji wa Canadiens aliyetwaa tuzo hiyo hadi Hutson alipoitwaa mwaka huu, kwa pointi 66, yaani mabao na pasi za mabao kwa pamoja, katika mechi 82, 60 kati ya pointi hizo zikiwa ni pasi za mabao, akiifikia rekodi ya pasi za mabao kwa mabeki wa msimu wa kwanza iliyowekwa na Larry Murphy.

Hapa naomba niseme jambo ambalo unyenyekevu umenizuia kulisema kwa miaka mitatu. Drafti ya mwaka 2022 ilipofanyika katika mji wetu huu na Hutson akachaguliwa wa 62, wanachama wengi walimwacha nje ya kumi bora kwa sababu ya kimo chake cha futi 5 na inchi 9. Mimi nilimweka wa tano. Karatasi yangu ya mwaka ule imo katika jalada la Katibu, na yeyote anayetaka kuiona anakaribishwa. Silitaji hili kwa kujisifu, bali kwa sababu imesemwa kwamba Mwenyekiti haangalii hoki na kwamba anajua kanuni tu.

Lipo pia swali la Joshua Roy, ambaye tulimwondoa, na ambaye kuondolewa kwake kumetajwa kama ushahidi wa upendeleo wangu. Roy hajafikisha mechi 25 katika msimu wowote, hilo ni kweli. Hata hivyo amevuka mechi 6 katika misimu miwili mfululizo, 2023/24 na 2024/25, na kwa hiyo mlango wa pili wa kipimo umemfungia. Oliver Kapanen na Owen Beck, ambao nao wameshaonja ligi kuu, wamebaki kwa sababu hawajavuka mlango wowote. Wale wanaotaka kila aliyegusa barafu ya NHL aondolewe wangewatoa hawa wawili pia, na sijasikia mtu yeyote mwenye akili timamu akidai kwamba Kapanen na Beck wamekwisha kujihakikishia maisha katika timu.

Baada ya kura kuhesabiwa, Demidov aliongoza, na hapa hakukuwa na ubishi, kwani kijana aliyefikisha pointi 49 msimu mmoja katika ligi ya Urusi kabla ya kutimiza miaka 20 hana mshindani. Jacob Fowler alikuwa wa pili, Michael Hage wa tatu, David Reinbacher wa nne, na Alexander Zharovsky, aliyechaguliwa wa 34 mwezi Juni mwaka huu, wa tano. Logan Mailloux alikuwa kwenye karatasi za kwanza, lakini tarehe 1 Julai akapelekwa St. Louis kwa kubadilishana na Zachary Bolduc, ikatulazimu kuchapisha karatasi upya, na gharama yake mtaiona hapo chini. Bolduc mwenyewe amecheza mechi nyingi mno, hakustahili kuingia. Namsikitikia Reinbacher, ambaye goti liliumia Septemba 2024 akafanyiwa upasuaji na kurudi uwanjani Februari. Wapo wanaomhukumu kwa kosa la kuchaguliwa wa 5 mwaka 2023 wakati Matvei Michkov alikuwa bado hajachaguliwa, kana kwamba kijana alijichagua mwenyewe.

Nafasi ya pili ya Fowler ndiyo iliyozaa tuhuma nzito zaidi. Karatasi 46 zilipokelewa. Kati ya hizo, 17 zilitoka kwa wanachama ambao hawakuwa wamelipa ada, na kwa mujibu wa ibara ya tisa ya katiba nilizikataa. Ni kweli kwamba zingehesabiwa, Hage angekuwa wa pili na Fowler wa tatu. Ni kweli pia kwamba mimi nilimpigia Fowler kura ya pili, na sioni aibu kueleza sababu. Kipa aliyechaguliwa wa 69 mwaka 2023 ametwaa mwaka huu tuzo ya Mike Richter ya kipa bora wa vyuo vikuu vya Marekani akiwa Boston College, na historia ya klabu hii imeandikwa na makipa. Patrick Roy alichaguliwa wa 51 mwaka 1984, na miaka miwili baadaye alikuwa amelibeba kombe. Hage naye ni mshambuliaji wa kati hodari, aliyepata pointi 34 katika mechi 33 za mwaka wake wa kwanza Chuo Kikuu cha Michigan, na huenda mwakani akampita kila mtu. Lakini zile karatasi 17 nilizikataa zikiwa bado zimefungwa ndani ya bahasha, Katibu na Mtunza Hazina wakiwapo, na zilifunguliwa wiki moja baadaye kwa madai ya wapinzani wenyewe. Anayesema nilizikataa ili kumpandisha Fowler anapaswa kueleza jinsi nilivyoweza kusoma kilichomo ndani ya bahasha iliyofungwa.

Jambo hili linanileta kwenye ada, na nasema kwa uchungu. Chama kina wanachama 71 kwenye daftari. Waliolipa dola 35 za mwaka ni 29. Wanachama 42 wanadaiwa jumla ya dola 1,470, na miongoni mwao wamo watu ambao nimewaona Bell Centre, uwanja wa Canadiens, katika viti ambavyo mimi sina uwezo wa kuvikalia. Ada ziliingiza dola 1,015, michango ya hiari 340, na mauzo ya chakula siku za mechi 612, jumla 1,967. Matumizi yalikuwa dola 900 kwa ukumbi, 148 kwa uchapishaji na posta, 520 kwa tiketi za watoto Laval na 275 kwa vyakula, jumla 1,843, na salio ni dola 124. Kwa salio hilo hatuwezi kukodi ukumbi hata kwa miezi miwili.

Mahudhurio nayo yanasikitisha. Mkutano wa Januari ulikuwa na watu 14 na wa Mei 19, wakati akidi ni 24, hivyo yote miwili haikuweza kupitisha uamuzi wowote. Katika mkutano wa Mei ndipo nilipokusudia kuwauliza wanachama kuhusu Demidov moja kwa moja, ajenda ikiwa imeshatumwa wiki tatu kabla. Laiti akidi ingetimia, suala lisingefika kwenye kamati wala kwenye kura yangu ya uamuzi, na wengi wa wanaoninung'unikia leo ndio ambao viti vyao vilikuwa vitupu siku ile. Nawashukuru akina mama wa kamati ya chakula, ambao hawakukosa hata mara moja.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kuongeza safari za Laval, kuandaa semina ya kuwafundisha wanachama wapya namna ya kumtathmini kijana ambaye bado yuko chuoni au ligi za Ulaya, kutafuta mfadhili, na kuangalia uwezekano wa kuwafundisha watoto wetu kuteleza kwenye barafu. Demidov mwenyewe, kwa vyovyote vile, atavuka mechi 25 kabla ya mwisho wa mwaka na kutoka kwenye orodha.

Hata hivyo sipendi kamati ijayo iingie katika mzozo kama huu. Kwa hiyo naleta hoja kwamba kipimo cha Calder, pamoja na milango yake miwili na kutohesabiwa kwa mechi za mtoano, kiandikwe katika katiba yetu. Hoja inahitaji theluthi mbili ya kura za wanachama waliolipa ada, na Mtunza Hazina ameketi mezani karibu na mlango akiwa na kitabu cha stakabadhi, kwa ajili ya wale wanaotaka kulipa kabla upigaji kura haujaanza. Naomba mkutano uipokee taarifa hii.

Mwenyekiti