Sanduku la risasi

Shoga yangu Zuhura,

Salamu sana. Huku tuwazima, ila mvua imetufungia ndani wiki nzima, nami nikarudi kwa King Lear, tamthilia ya Shakespeare.

Unakumbuka tulivyosoma tamthilia yake nyingine, Mabepari wa Venisi, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969? Masanduku matatu, la dhahabu, la fedha na la madini ya risasi, na Bassanio, ili ampate Portia, akachagua la risasi. Tulikariri funzo, tukaona tumemaliza.

Kumbe Freud, yule daktari wa nafsi aliyefasiri ndoto, aliandika makala mwaka 1913 akianzia hapohapo. Anasema ndotoni sanduku huwa ni mwanamke. Basi Bassanio anachagua kati ya wanawake watatu, na anayemchukua ni yule aliyepauka, asiyejinadi. Halafu Freud anamgeukia mzee Lear, mfalme anayetaka kuwagawia binti zake watatu ufalme kwa kadiri watakavyotamka kumpenda. Goneril na Regan wanammiminia baba yao asali, Cordelia, alipoulizwa ana lipi la kusema, akajibu, "Sina, bwana wangu." Freud anaking'ang'ania kimya hicho. Kuwa bubu ndotoni, anasema, ni alama ya kufa. Kwa hiyo binti wa tatu ni Mauti, na mzee wa miaka zaidi ya 80 anamfukuza kwa kuwa hataki kumtazama usoni.

Nilishtuka, Zuhura. Nililaza kitabu kifuani nikasikiliza mvua.

Ila mwisho nimebishana naye. Lear anaingia amembeba Cordelia aliyekufa, na Freud anataka tupindue picha: Mauti ndiye ambebaye mzee. Mimi naona baba anayeomba kioo, atazame kama pumzi ya mwanawe itakitia ukungu. Anaomba afunguliwe kifungo cha nguo. Huyo ni mfiwa, na Cordelia ni mtoto wa mtu kabla hajawa fumbo la mtu yeyote. Lakini Freud naye alikuwa na mabinti watatu, na Anna, kitindamimba, ndiye aliyemuuguza saratani ya kinywa mpaka alipofariki London mwaka 1939. Nikikumbuka hilo, makala yake naisoma kwa upole zaidi.

Baba hunipigia kila Jumapili kuuliza nitakwenda lini. Mwaka mzima namjibu, "Karibuni, baba yangu mpenzi," kwa sauti tamu kabisa. Juzi nilipofika kwenye maneno ya Goneril nilisikia sauti hiyohiyo. Nimekata tiketi ya basi la Jumamosi.

Kisome kitendo cha tano, kwa sauti, ukiwa peke yako. Kisha niandikie umemwona nani mikononi mwa yule mzee.

Wako,
Mwanaidi