Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Kazi ya Mkono na Brandi Kubwa

Wanachama wenzangu, masonara, wakata mawe na mama zetu wa shanga, hamjambo wote. Hesabu za fedha mtunza hazina ataziweka mezani mwenyewe siku ya mkutano na kila mtu ataulizia anachotaka, mimi hapa nataka tuongelee kazi yenyewe, manake huu mwaka ulikuwa mgumu alafu ulikuwa mzuri, vyote kwa pamoja.

Ugumu mnaujua. Mwanzoni mwa 2024 dhahabu ilikuwa kama dola 2,000 kwa aunsi, Oktoba mwaka huu ikavuka 4,000, na silva nayo ikakimbia nyuma yake. Mteja aliyekuwa anaagiza pete za ndoa nzito za karati 18 sasa anakuja anauliza nyembamba, wengine wanauliza kama karati 9 inapauka. Mwisho wa Oktoba tena intaneti ikazimwa, oda za Instagram na WhatsApp zikasimama, na wapo wenzetu ambao duka lao ndo hiyo simu.

Kilichotubeba ni wateja wenye dhahabu za zamani. Mtu analeta hereni ya bibi yake, ya pili ilishapotea, na mkufu uliokatika na bangili iliyopinda, anakwambia fundi yeyusha vyote nitengenezee kidani binti yangu anaolewa. Anakaa hapo hapo, anaona inapimwa kabla ya moto na inapimwa baada ya moto, na ile dhahabu ya bibi ndo inayoingia kwenye kidani cha mjukuu. Duka la brandi hiyo kazi haliipokei. Wao wana katalogi, unachagua, unalipa, unaondoka na mfuko mzuri. Mimi naamini hapa ndipo nguvu yetu ilipo na sijaona mwaka ulionithibitishia hivo kama huu.

Sasa tusidanganyane, brandi kubwa nao wana mafundi wa mkono. Kule Paris, Place Vendôme, mtaa wa maduka makubwa ya vito, wapo watu wanakaa na tupa na koleo kama sisi na kipande kimoja kinaweza kula miezi, ila ile kazi inaenda kwa matajiri wachache. Kile kinachopangwa kwenye vioo vya airport ni habari nyingine, mfano mmoja unatolewa nakala maelfu kwa maelfu. Pandora, brandi ya vito ya Denmark, peke yao wanatengeneza zaidi ya vipande milioni 100 kwa mwaka, viwanda vyao vikubwa viko Thailand, na silva yao ni 925 ya kweli, yaani sehemu 925 kwa 1,000 ni silva safi, siwezi kuwasema vibaya. Tiffany, brandi ya vito ya Marekani, ilinunuliwa na LVMH, kampuni ya Ufaransa yenye brandi nyingi za anasa, mwaka 2021 kwa karibu dola bilioni 16. Anayelipia kile kisanduku chao cha bluu analipia na pango la duka na matangazo na jina, ni pesa yake na ni haki yake, lakini siku akitaka kuiuza kwa sonara mizani inasoma gramu tu.

Hapa Arusha kuna jambo letu wenyewe. Tanzanite ilipatikana Mererani 1967, na serikali ilimtambua Mzee Jumanne Ngoma kuwa ndo mgunduzi mwaka 2018. Tiffany wakaiingiza kwenye soko la dunia 1968. Sasa mwaka huu wengi wetu tumeletewa pete za tanzanite zilizonunuliwa sehemu mbalimbali, jiwe limemeguka ukingoni, na ukiangalia unaona jiwe limeinuliwa juu kwa makucha manne marefu, vile vishikio vya jiwe, kama vile ni almasi. Almasi ugumu wake ni 10 kwenye kipimo cha mawe cha Mohs, tanzanite ni kama 6 na nusu na inapasuka kirahisi, akigonga mlango wa gari mara moja tu imekwisha. Fundi anayelijua hili jiwe anamuuliza mteja kwanza, hii pete ni ya kila siku au ya sherehe? Kama ni ya kila siku analizungushia ukuta wa dhahabu na analishusha chini. Lile swali hakuna kiwanda kinachoweza kukuuliza, na kwangu mimi ndo maana halisi ya kazi ya mkono, sio kwamba nyundo imeshikwa na binadamu tu. Na waambieni wateja ukweli wote, kwamba jiwe lilikuwa la kahawia likapikwa kwenye moto ndo likawa bluu, na wasilioshe kwa mashine ya mtetemo wala mvuke.

Jambo lililotugombanisha ni kukopi. Mteja anakuja na picha ya bangili ya Cartier ile ya Love ya tangu 1969, au yale maua ya majani manne ya Van Cleef & Arpels ya 1968, brandi za Ufaransa zote mbili, anasema nitengenezee hii kwa nusu bei, na kuna wenzetu wamekubali hadi kugonga jina. Kamati imesema hapana, na mimi nipo na kamati kabisa. Kugonga jina la mtu ni feki na ni kosa la sheria, hilo halina mjadala, ila hata bila jina mteja anaondoka na nakala na yeye mwenyewe anajua ni nakala, kila akiivaa anaikumbuka ile orijino. Kijana wetu mmoja alifanya vizuri sana, mama alikuja na picha ya hayo maua, yeye akamuuliza unapenda nini hapa, wakaongea wee, ikajulikana kwao ni Pemba, akamtengenezea kidani cha vichwa vya karafuu. Yule mama ameshaleta dada zake.

Alafu kuna wanaonunua vitu vilivyokamilika kwa jumla, wanaongeza kulabu, wanaandika kazi ya mkono. Tumekubaliana hivi, kumimina kwenye kalibu ni sawa bora mfano uwe umeuchonga wewe na kumalizia umalizie wewe. Cha kununua andika cha kununua.

Mama zetu wa shanga hili nawaambia kwa uchungu. Kola ya shanga ya kuvaa shingoni ambayo mama ameikalia siku nyingi, kwa shanga nzuri za kioo za Czech, inauzwa getini kwa hoteli kwa bei ambayo haifiki hata gharama ya shanga na waya, manake mtalii amelia kidogo. Kuanzia sasa risiti ya chama ina mstari wa malighafi na mstari wa ujira wa mkono, tofauti, hata kwa masonara, na ujira haupunguzwi kwasababu dhahabu imepanda.

Mwakani kila sonara atakuwa na mhuri wake uliosajiliwa kwenye daftari la chama, herufi zake pembeni ya 750, yaani dhahabu ya karati 18, au 925 ya silva au chochote kilicho kweli. Gonga kwenye kipande cha shaba umletee katibu kabla ya mkutano, na mama wa shanga nao walete kipande kimoja kimoja tukipige picha kwa ajili ya hilo daftari.